Jamii za Wakata Rufaa kwa Kigezo cha Dhamana ya Gharama

Wanazuoni wamezoea kuwapanga wakata rufaa kwa aina ya kesi: ardhi, mikataba, mirathi. Mpangilio huo umechakaa. Hapa tunapendekeza kigezo kimoja tu: mkata rufaa ameweka nini mahakamani ili mpinzani wake, akishinda, asibaki na bili ya wakili mkononi?

Jamii ya kwanza ni Mlipa Elfu Sita, aliyezagaa kote Kenya. Kanuni za Mahakama ya Rufaa za 2010, zilizotumika hadi zilipobadilishwa 2022, zilimtaka aweke shilingi 6,000 anapofungua rufaa. Alitambulikana kwa risiti iliyobanwa kwenye makabrasha ya rekodi ya rufaa. Kwamba hela hiyo haikumlipa wakili wa upande wa pili hata asubuhi moja ya kungoja kesi iitwe, hilo halikumkosesha usingizi mtunga kanuni. Tabia yake kuu ilikuwa hii: akishalipa, hakuna aliyemuuliza mlangoni kama rufaa yake ina kichwa wala miguu.

Jamii ya pili ni Mghaibuni. Amri ya 42, kanuni ya 14, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai inamhusu mtu asiyeishi Kenya na asiye na mali ya kutosha nchini. Anaweza kuamriwa aweke dhamana, na asipoiweka kwa muda aliopewa, rufaa inaweza kutupwa. Mtafiti azingatie kwamba mali inayogombewa haihesabiwi. Anayeishi Muscat akidai nyumba ya Mombasa hawezi kuitaja nyumba hiyohiyo kuwa ndiyo mali yake. Mantiki haina ufa, ila sijui nani atampigia simu kumweleza.

Jamii ya tatu, Hohehahe, ndiyo inayostahili tasnifu nzima. Kanuni za 2010 zilimruhusu kuomba asamehewe ada na dhamana, kwa masharti mawili: athibitishe hana uwezo, na aonyeshe rufaa yake ina dalili ya kufaulu. Sharti la pili lisomwe polepole. Mwenye elfu sita alileta upuuzi mtupu akapewa namba. Asiye nazo alitakiwa kuonja ushindi kabla hajasikilizwa. Kwa hiyo, kinadharia, rufaa zilizochujwa vizuri zaidi nchini zilikuwa za maskini. Ajabu ni kwamba kanuni hizo hazikuwapitisha matajiri nao kwenye chujio hilo.

Asili ya ukali huu ni ya kale. Mwaka 1885, katika kesi ya Cowell dhidi ya Taylor, Jaji Bowen wa Uingereza alieleza kuwa umaskini haumzuii mtu kufungua kesi, isipokuwa kwenye rufaa. Hoja yake: mkata rufaa ameshasikilizwa mara moja, hana haki ya kumburuta mwenzake mahakama hadi mahakama bila kuweka kitu. Hoja ina uzito, mradi hukumu ya kwanza iwe sahihi, jambo ambalo ndilo hasa linalobishaniwa.

Mjibu rufaa naye ana spishi zake, lakini moja yatosha: Mkabaji. Huomba dhamana nono dhidi ya mtu aliyefilisika kwa sababu ya Mkabaji mwenyewe. Jaji Lord Denning wa Uingereza alimmulika mwaka 1973 katika kesi ya Parkinson dhidi ya Triplan: mahakama iangalie kama ombi linalenga kuua dai la kweli, na kama limecheleweshwa. Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2002, katika kesi ya Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sheria ya kumtaka mlalamikaji wa uchaguzi aweke shilingi milioni 5 inakiuka Katiba. Si rufaa, najua. Ni binamu yake.

Onyo la mwisho kwa wanafunzi: msichanganye dhamana hii na ile ya kusitisha utekelezaji wa hukumu, iliyo chini ya kanuni ya 6 ya Amri ileile ya 42. Ile hulinda hukumu yenyewe, na mara nyingi huwekwa benki kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wawili wasiosalimiana. Uainishaji wa mawakili hao utahitaji waraka wake.