Mkeka Chini ya Mwembe

Tangu wifi yangu alipotoka Goma na kurudi kwao Yanonge, hapa kando ya mto, asubuhi ya lupango letu, yaani ua wetu, imekuwa na mabishano. Zamani kila mtu alijua zamu yake: mama mkwe anafagia kiwanja, mimi nakoka moto, watoto wanashuka mtoni kuteka maji. Sasa, kabla ufagio haujapita, wifi ametandika mkeka wake wa mpira chini ya mwembe na anainama, anainuka, anavuta pumzi.

Wifi ni muuguzi. Miaka ya kuwageuza wagonjwa vitandani ilimharibu kiuno, na huko Goma mwenzake wa kazi akamfundisha yoga. Kufanyia ndani ya nyumba yetu haiwezekani. Ukinyoosha mkono unagusa gunia la mpunga, ukinyoosha mguu unakanyaga nyavu za mume wangu, na bati likishapata jua hewa inakuwa nzito. Nje kuna nafasi, kuna upepo wa mtoni, kuna ule mwanga wa asubuhi unaouambia mwili kwamba usiku umekwisha. Hata ardhi yenyewe inafundisha: ukisimama kwa mguu mmoja peku juu ya udongo usio sawa, kifundo kinafanya kazi ambayo sakafu ya saruji haikidai. Nilijiunga naye kwa sababu hiyo, na magoti yangu yanashukuru.

Lakini kiwanja cha Yanonge kina wenyewe wengi.

Usiku mmoja mvua ilinyesha mpaka majogoo. Asubuhi siafu walikuwa safarini. Safu yao ilitoka kwenye gogo la mchikichi lililooza nyuma ya choo, ikakata kiwanja kuelekea jikoni, na wifi alikuwa amelala chali katikati ya njia, macho amefumba, katika ule mkao wa mwisho ambao Wahindi wanauita wa maiti. (Mama mkwe alikuwa ameshalipiga marufuku jina hilo. Nyumbani kwake, alisema, hakuna anayejilaza maiti akiwa hai.) Nilisikia ukelele. Wifi aliruka, akakimbilia nyuma ya jiko akivua nguo, nami nikamfuata kumchomoa siafu mmoja mmoja. Siafu askari akishauma haachii: ukimvuta, kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kimeng'ang'ania nyama. Mume wangu alitoka na panga akidhani ni nyoka. Watoto wakapanda juu ya meza. Kelele zetu zikaivuruga safu, ikatawanyika, nusu ikaingia jikoni penye sufuria ya sombe, majani ya muhogo, nusu ikaingia kwenye banda la kuku.

Mama mkwe peke yake hakupiga kelele. Alichota makaa na majivu ya moto kwa koleo, akachora mstari mbele ya mlango wa chumba wanamolala watoto, akatuamuru wote tutoke twende barabarani tuwaachie nyumba. Tulisubiri huko, majirani wakituletea viti, mpaka jua lilipokuwa kali. Siafu walipoondoka hapakuwa na mende hata mmoja ndani. Kuku aliyekuwa akiatamia hatukumwahi.

Siku ile mume wangu aliamua kwamba yoga itafanyiwa ndani au haitafanywa. Na kwa kweli vitabu vya kale vinamuunga mkono. Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa India karne ya 15, kinamwelekeza mtu afanye mazoezi katika kijumba kidogo chenye mlango mdogo, kisicho na dirisha, kisicho na wadudu, sakafu imesiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Waliomfundisha mtu kujinyoosha waliwajua wadudu vizuri. Wifi alimjibu kaka yake kwamba siafu waliingia mpaka chumbani, kwa hiyo ukuta usingemsaidia kitu. Nadhani alikuwa na haki.

Jambo lililoniumiza zaidi lilitoka kwa watu. Kiwanja chetu kinapakana na njia ya kushuka mtoni, na siku za soko wanapita wenye mihogo, wenye samaki, wenye kuwahi boti ya kwenda Isangi. Waliona wanawake wawili wameelekea jua na mikono juu. Neno likazunguka kwamba kwa muuguzi wanaabudu jua, na shemasi akaja kuuliza kwa heshima, lakini akauliza. Wifi alianza kueleza habari za Umoja wa Mataifa, kwamba ndio uliotenga Juni 21 kuwa siku ya yoga, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Hiyo haikumtuliza shemasi. Mama mkwe akamkatiza.

“Baba, kikapu cha mihogo umewahi kukibeba mgongoni kutoka shambani?”

“Hapana, Mama.”

“Basi mimi nimekibeba tangu usichana. Hawa wananyoosha mgongo. Kesho na mimi nitanyoosha.”

Na kesho yake alinyoosha, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, amekaa juu ya kigoda. Tungekuwa chumbani, mlango umefungwa, asingejiunga, na minong'ono ingetufuata mpaka kanisani. Nje kila mtu anaona kinachofanyika. Kwangu mimi faida hiyo inazidi ile ya hewa safi.

Hasara nyingine tumezikubali. Mbuzi wa jirani alitafuna kona ya mkeka. Hatuanzi tena kabla ya jua kuchomoza, maana mbu wa malaria huuma mpaka alfajiri na wifi hataki kuuza kiuno anunue homa. Mvua ndiyo haina mapatano: pale Yangambi, ng'ambo ya mto, hupimwa karibu milimita 1,800 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa.

Kwa hiyo mume wangu, aliyetaka turudi ndani, sasa anajenga kibanda chini ya mwembe. Nguzo zimesimama na majani ya kuezekea yamekatwa. Yeye anataka kuta, mama mkwe amekataa kuta. Kuhusu sakafu wamepatana: ng'ombe hatuna huku msituni, tutasiriba kwa udongo wa kichuguu, na majivu yatamwagwa kuzunguka kila mvua inaponyesha usiku.