Ghala la Mwalimu

Mume wangu alifundisha Sayansi Kimu miaka na miaka katika shule za msingi za Dar es Salaam bila kuchemsha yai hata moja. Alipostaafu tukahamia shamba la ukoo, ndani kidogo kutoka Somanga wilayani Kilwa, pale mabasi ya kusini yanaposimama abiria wale samaki. Mara tu tulipofika akatangaza mbele ya mama yake, Bibi, na wajukuu kwamba dukani tutafuata kiberiti tu. Chumvi tutachemsha ya bahari. Mafuta ya kupikia yatatoka kwenye nazi. Kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha 1967, Elimu ya Kujitegemea, amekihifadhi kwa ghibu, na asiyekijua alisomewa wakati wa kula.

"Na sabuni?" Bibi akauliza, huku anachambua mbaazi.

Sabuni ilibaki bila jibu.

Ya mwanzo nayapita haraka, maana ni yale yale ya kila aliyerudi shamba na kiinua mgongo. Kideri kikapita bandani, kuku waliopona wakamalizwa na kicheche. Mahindi tulilima sisi, tumbili wakavuna. Chumvi ya kuchemsha ilikula kuni za wiki nzima, ikatupa unga wa kijivu, mchungu, ambao hata mbuzi aliunusa akaondoka zake. Muhogo peke yake haukutuangusha. Muhogo una adabu: hauulizi mvua imekuja lini wala nani alisoma wapi.

Lakini Mwalimu wangu si mtu wa kukata tamaa, na haki yake nampa. Kufikia mwaka 2024 alikuwa na ghala kweli: makopa, mtama, mbaazi, nazi zilizopangwa kwa safu, ng'onda kwenye kamba, na nusu gunia la korosho ghafi zilizobaki msimu uliopita. Mlangoni kufuli, funguo kiunoni mwake, na daftari lenye safu zilizopigwa rula. Nikitaka mbaazi za mchana naomba, anapima kwa kibaba, anaandika. Miaka thelathini na zaidi ya ndoa, nasainishwa mbaazi!

Kisha kikaja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, redio ikarudia, na Jumamosi ya tarehe 4 Mei kikaingia kutoka baharini upande wa Mafia. Upepo ulikuja na kupita. Mvua ndiyo iliyofanya kazi. Maji yaliikata barabara kuu hapa hapa Somanga, na magari ya Lindi, Mtwara na Dar yakajipanga pande mbili za korongo, madereva wanaangaliana.

Bibi hakushtuka. "Hii nayo mnaita kufungwa njia?" akasema. "Njia ilikuwa inafungwa enzi za pantoni ya Ndundu. Rufiji ikijaa, kusini mnakaa mpaka Mungu apende." Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2003, na mpaka leo Bibi analiona ni deko.

Mwalimu alifurahi mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Alisimama barazani, mikono nyuma, anatazama mvua. "Mama watoto, unaona sasa? Maduka yatakauka. Sisi tuna miezi sita."

Jioni ile ile akaja konda wa basi lililotoka Masasi, amelowa chapachapa, kuomba hifadhi kwa akina mama wenye watoto. Mwalimu akasema lile neno la Pwani, karibuni, nyumba ni yenu. Wakalichukua kama lilivyosemwa. Waliingia mama wa kwanza na pacha wake, mama wa pili na mkwewe, kijana aliyedai anamsindikiza shangazi, na shangazi mwenyewe ambaye hakumtambua. Funguo za ghala zikaanza kuchoka. Daftarini Mwalimu aliandika "wageni" mara ya kwanza, mara ya pili akaandika "wageni tena", baadaye akawa anaweka alama tu.

Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, na hapa niseme jambo linaloniuma kila nikipuliza moto. Gesi ya Songo Songo hutokea baharini hapa hapa Somanga Fungu na kwenda Dar kwa bomba tangu mwaka 2004. Inapita chini ya ardhi, sisi juu yake tunatoa machozi kwa moshi.

Mwalimu alipoona mbaazi zinashuka akazikumbuka korosho. Sasa, korosho si karanga. Ndani ya ganda lake mna mafuta meusi makali yanayobabua ngozi. Viwandani hutumika kwenye breki za magari na rangi. Kila mtoto wa Newala anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Mwalimu alikuwa analijua pia, ila kwa nadharia. Kwa kuwa nje mvua, akaona achome jikoni. Akazimimina kwenye kikaango changu cha chapati, akafunika, ili joto lisipotee.

Kwanza zikaanza kuchemka na kuzomea. Kisha ukaja moshi mweupe, mzito, unaoshika koo na kukataa kutoka. Akafunua, akachukua moja, akaing'ata kuangalia kama imeiva. Hapo hapo zile nyingine zikawaka kwa pamoja, ndimi za moto zikapanda hadi kwenye mahindi ya mbegu tuliyoyaning'iniza juu ya jiko. Makuti yalinusurika kwa kuwa yalikuwa yamelowa. Mwalimu akateka maji kwa kata, akamwaga kwenye yale mafuta.

Mlipuko ule pacha waliushangilia.

"Nani kamwaga maji?" Sauti ilitoka barazani. Mama mmoja mnene, wa Newala, ambaye tangu afike alikuwa kimya, aliingia na karai la mchanga, akaufunika moto, akakishika kikaango kwa pindo la khanga na kukitupa uani. Kisha akakunja magoti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu. Samahani. Korosho hazikaangwi, zinachomwa. Na hazichomwi ndani."

Mwalimu hakuitikia. Midomo ilikuwa imeshaanza kuvimba, wa juu haufikii wa chini. Mjukuu wangu wa kiume, ambaye ni mtani wa Bibi, akamwambia, "Mke wangu, mwanao amekuwa bata." Bibi akampaka mwanawe mafuta ya nazi midomoni na vidoleni, bila neno, kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto wa miaka mitano. Vidole vilibaki vyeusi, baadaye vikachunika. Na mtu asiyeweza kusema hawezi kukataa: funguo za ghala zikahamia kwa mama wa Newala, daftari likafungwa.

Asubuhi mvua ilipotulia mama huyo aliomba debe kuukuu, akalitoboa kwa msumari, akaliweka kwenye mafiga uani na kusimama upande unakotoka upepo. Akakoroga kwa fimbo mbichi ndefu. Zilipowaka aliziacha kidogo, maganda yakawa meusi, akazimwaga mchangani na watoto wakazifukia. Kila mmoja akajipaka majivu mikononi, akapewa jiwe. Unagonga mgongo wa korosho, hugongi tumbo. Nzima zinaingia bakulini, zilizovunjika zinaingia kinywani, na niliona wazi watoto wamejifunza haraka sana namna ya kuvunja. Nyingine zilitwangwa zikaungwa kwenye kisamvu cha nazi, ambacho konda alikula akasahau kuuliza habari za barabara.

Njia ilipopitika wageni walichanga fedha, wakazikunja kwenye kitambaa. Mwalimu akatikisa kichwa kukataa. Bibi akazipokea kwa mikono miwili, akazifunga kwenye upindo wa khanga, na siku chache baadaye dereva wa bodaboda akashusha mlangoni mtungi wa gesi na jiko la plate mbili. Gesi hiyo huja kwa meli kutoka nje, inajazwa Dar, inateremka kwetu kwa barabara ile ile.

Mwalimu aliuzunguka mtungi, akaugonga kwa kidole chake cheusi. Kisha akaenda kulitoa daftari, akauandika kwenye safu ya zana za shamba, baada ya mapanga na kabla ya jembe.