Stima Haina Makosa, Isipokuwa Siku Ile

Hapa Madogo, chochote kikisimama mtuhumiwa ni mmoja. Friji isipogandisha, ni stima. Simu isipojaa chaji, ni stima. Kuna bwana aliyeilaumu stima kwa sababu pikipiki yake ilikataa kuwaka, na waliokuwa kibarazani wakatikisa vichwa kwa huruma. Basi mashine yetu ya kuchapa inaponyamaza katikati ya kazi, hakuna anayengoja uchunguzi. Muuza miraa wa mbele ya duka huinua macho hadi kwenye nguzo ya umeme, hutema, kisha hutoa hukumu: "Wameichukua tena hao."

Mara nyingi huwa hawajaichukua. Taa inawaka, feni inazunguka, redio ya kinyozi inatangaza mpira. Lakini hukumu ikishatolewa, ushahidi wa nini?

Mashine yenyewe ni ofseti ya rangi moja, Mjerumani mzee aliyechapa Nairobi miaka na miaka kabla ya kuletwa huku kwenye joto. Anachapa vitabu vya risiti, kadi za harusi, mitihani ya shule, na kila uchaguzi unapokaribia, nyuso za watu wanaoahidi kulipa Jumatatu. Ofseti ina ajabu yake: pleti yenye maandishi haiigusi karatasi hata kidogo. Inaliachia wino blanketi la mpira, na blanketi ndilo linalochapa. Mbinu hii Ira Rubel, mchapaji wa New Jersey, Marekani, aliigundua kwa ajali mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine yake ilizunguka bila kupewa karatasi, maandishi yakabaki kwenye mpira wa silinda, na karatasi iliyofuata ikatoka imechapwa pande zote mbili, ule upande wa mpira ukiwa safi kuliko ule wa kawaida. Aliyewahi kusimama kando ya mashine hizi hashangai kwamba asili yake ni karatasi iliyokosa kufika.

Sasa tuje kwenye umeme. Mashine yetu hutumia fezi tatu, volti 415 kati ya fezi na fezi, na walioiunda walivipenda sana vidole vya binadamu. Kila kifuniko kina swichi ndogo iliyojificha. Kifuniko kikibaki wazi upana wa ukucha tu, mashine haiwaki. Kuna pia vitufe vyekundu vya kusimamisha, ambavyo ukivibonyeza huzama na kubaki vimezama mpaka mtu avizungushe. Swichi zote hizi zimeshikana mkono katika waya mmoja. Umeme wa kuamrisha hupita kwa hii, ukaenda kwa ile, ukaishia kwenye koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayoruhusu umeme mkubwa ufike kwenye mota. Ni kamati ya harusi: mjomba mmoja akinuna, hakuna harusi, na hatasema kwamba ni yeye aliyenuna.

Mjomba wa kwanza kununa alinuna siku ya mitihani. Mwalimu mkuu alikuja kuichukua mwenyewe, akakuta nusu haijachapwa, akaamua kusubiri papo hapo ili tuone haya. Mashine ikazimika. Kijana wa jirani akaja na tesita, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akaigusisha kila mahali akitangaza, "Iko! Iko! Hapa pia iko!" Tesita ni shahidi wa uongo. Kitaa chake hutosheka na umeme kidogo mno unaopita mwilini mwa aliyeishika, kwa hiyo kitawaka hata kwenye waya uliolegea usioweza kuzungusha hata feni. Tukampigia fundi, akavuka daraja la mto Tana kutoka mji wa Garissa na mkoba wake.

Fundi huyu hana haraka. Alifungua kabati, akapima fezi zote kwa mita, akapima fyuzi, akasikiliza maoni ya watu ambao hakuwauliza. Kisha akazunguka nyuma ya mashine, akasimama mbele ya mwalimu mkuu aliyekuwa ameiegemea kwa uchovu.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba usogee kidogo."

Mwalimu akasogea. Nyuma ya mgongo wake kilikuwepo kitufe chekundu, kimezama. Fundi akakizungusha, mashine ikanguruma, na mwalimu akasema kwamba hata yeye alishuku ni kitu kama hicho.

Kuna na wajomba wengine. Mjusi kafiri, kwa mfano, hupenda kulala ndani ya kabati la umeme, na siku moja mmoja aliingia katikati ya mdomo wa kontakta ya pampu ya hewa wakati unafungwa. Fezi moja ikakosa kugusa. Mota ya fezi tatu ikipewa mbili haizunguki. Inaguna tu, inapata moto, na isipozimwa mapema inaungua. Kinachoiokoa ni ovalodi, kifaa chenye vipande vya metali vinavyopinda vikipata joto na kukata umeme. Tatizo ni kwamba ovalodi za zamani hazijui kutofautisha joto la mota na joto la Madogo. Mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, hukata umeme ilhali mota haina kosa lolote. Dawa tuliyoipata ni kulifungua kabati na kulielekezea feni pekee tuliyo nayo. Ndiyo maana mteja akiingia hukuta mashine inapepewa na sisi tunajifuta jasho kwa karatasi zilizoharibika.

Koili nayo iliwahi kuungua wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023, Tana ilipoikata barabara kati yetu na Garissa. Mji tunaouona kwa macho ukawa ng'ambo ya bahari. Koili mpya, kitu kinachoenea kiganjani, ilivuka kwa boti ikiwa mapajani mwa mama mmoja tusiyemjua, katikati ya kuku na magunia.

Basi ikafika siku ile. Usiku transfoma ilikuwa imetengenezwa. Asubuhi tukawasha mashine kuchapa kadi za harusi. Mota kubwa ikazunguka vizuri. Lakini upande wa kulishia karatasi, ile midomo ya mpira inayotakiwa kunyonya karatasi moja moja na kuiinua, ikaanza kuzipuliza. Kadi zikaruka. Tukazikusanya, tukawasha tena, zikaruka tena, na hewa iliyotakiwa kupuliza ili kuzitenganisha ikawa inanyonya vumbi la sakafuni.

Fundi akaja, akaifungua pampu ya hewa, akasafisha mapezi yake ya kaboni, akaifunga. Ikapuliza. Akabadilisha mipira. Ikapuliza. Baba wa bwana harusi akauliza kwa sauti ya chini kama hapa dukani hapajawahi kusomwa dua.

"Ni stima," akasema muuza miraa kutoka nje.

"Stima iko, mzee," fundi akajibu bila kugeuka.

Kijana wetu wa mkono ndiye aliyeona. Juu ya gamba la pampu pana mshale unaoonyesha upande wa kuzungukia, na pampu ilikuwa inakwenda kinyume chake. Waliotengeneza transfoma walikuwa wamezipishanisha fezi mbili. Mota kubwa ya mashine yetu hula mkondo mnyoofu unaotengenezwa ndani ya kabati, haijali fezi ipi imetangulia. Pampu ina mota yake ya fezi tatu, na hiyo ikapokea amri na kurudi kinyumenyume. Mwenye poshomili, jirani yetu, tangu asubuhi alikuwa akiyagombeza mahindi kwamba ni mabichi, kwa kuwa unga ulitoka kwa kusuasua. Feni ya kinu chake nayo ilikuwa inazunguka kinyume, na feni ya aina ile ikigeuzwa husukuma hewa upande uleule, ila kwa unyonge.

Dawa ya ugonjwa huu ni kupishanisha nyaya mbili zozote kati ya tatu. Fundi alifanya hivyo kwenye swichi kuu, kadi zikachapwa, baba wa bwana harusi akaondoka bila dua. Mwenye poshomili akakataa kulipia kazi aliyoiita ya kupishanisha waya, akasema atangoja mahindi yakauke.

Jioni watu wa stima wakarudi wakapanda nguzo, wakazirudisha fezi mahali pake.

Asubuhi unga wa jirani ulikuwa unamwagika kwa fujo, naye amesimama mlangoni akiyasifu mahindi. Sisi tukawasha mashine, na vitabu vya risiti vya watu vikapeperuka hadi barabarani. Fundi tulipompigia alicheka kwanza, kisha akauliza kama nauli ya kuvuka daraja tutaituma sasa hivi au akishafika.