Karani Awe Malaika

Vyuo vikuu vya umma nchini Kenya vinastahili pongezi kwa kulikinga taifa dhidi ya makarani wapotovu. Mara nyingi anayeomba kazi ya msaidizi wa utafiti, au ya kupanga majalada kwa msajili, hutakiwa kuthibitisha kwamba ametimiza Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu.

Ni busara tupu. Idara ya upelelezi, DCI, humchukua alama za vidole. KRA huhakikisha hadaiwi ushuru wa mshahara ambao hajawahi kuuonja, nayo HELB humuuliza anavyolipa mkopo wa masomo kabla hajapata kazi ya kuulipia. Bado EACC ya kupambana na ufisadi, na CRB ya kukagua madeni. Hata bwana harusi hapekuliwi hivyo na wakwe.

Kisha nakala za vyeti hupangwa kwenye bahasha ya kaki, nambari ya tangazo ikiandikwa juu, na kimya kutanda. Asilalamike: alishaambiwa watakaojibiwa ni walioteuliwa tu.

Kifungu cha 99 cha Katiba hiyo hiyo humruhusu aliyepatikana na hatia kuwania ubunge hadi rufaa zake zote ziishe. Sawa kabisa. Mbunge hupitisha bajeti ya nchi tu. Karani atakabidhiwa ufunguo wa kabati.