Namna ya Kushinda Vita vya Jadotville Bila Kujua Sheria

Ndugu yangu wa Likasi, vita vya mezani havina damu ila vina ubishi. Unapanga askari wako wadogo, unawasogeza kwa sentimita, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Kabla ya zamu ya tatu watu wazima wawili wamesimama wananyoosheana vidole kwa ajili ya kichaka cha kadibodi. Wako watakaokwambia dawa ni kukisoma kitabu cha sheria. Waache wasome. Wewe fuata haya.

1. Pigania nyumbani.

Usikubali kucheza Waterloo. Hapo huna mjomba. Cheza Jadotville, yaani hapa hapa Likasi, tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961. Kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa, watu wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilizingirwa na askari wa Tshombe, mkuu wa Katanga, pamoja na mamluki wao. Katanga ilikuwa na ndege moja ya Fouga Magister iliyowasumbua kutoka juu. Waairishi watano walijeruhiwa, hakufa hata mmoja wao, na maji na risasi vilipowaishia wakasalimu amri. Mwaka 2016 vita hivyo vilitolewa filamu, wakaenda kuipigia Afrika Kusini, kana kwamba sisi hatuna vumbi.

Huhitaji askari wa kununua. Vifuniko vya bia ya Simba viwe jeshi la Katanga, vya Fanta viwe Waairishi.

Faida ya kucheza nyumbani ni babu. Ukibanwa, shusha pumzi, tazama mbali, sema: "Babu yangu alikuwepo." Hakuna ukurasa wa kitabu unaomshinda babu. Kama mwaka ule alikuwa Kolwezi, basi alipita Likasi kusalimia.

Wenye Waairishi watataka kuleta msaada kutoka Lubumbashi kwa kuvuka daraja la Lufira, mahali ambapo msaada wa kweli ulikwama. Mwenzako atarusha dadu, apate sita, aanze kusogeza vifuniko vyake huku anatabasamu. Mshike mkono kwa upole. "Kaka, maji hayo nayajua. Ndiyo yanayoingia ziwa Tshangalele, na mimi nimevua samaki kule. Hapo hapavukiki." Usimkumbushe kwamba waliozuiwa pale walizuiwa na bunduki, si na maji, na daraja lilijengwa ili watu wasiulize habari za maji. Wala usitaje kwamba ziwa lenyewe lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, huko chini mto unakoelekea, na halina habari na daraja. Anayeuliza hayo hataki mchezo, anataka somo la jiografia.

Siku historia ikikugeuka, sema: "Historia ni historia, mchezo ni mchezo." Sentensi hii na ile ya babu ziwe mfukoni, ila usizitoe katika zamu moja.

2. Futi iwe yako.

Mwenye futi ndiye mwenye nchi. Usinunue ya chuma. Hiyo haina huruma. Tafuta ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, iliyokwishavutwa miaka mingi juu ya viuno vya wateja wa Kikula. Iwe imechanika mwanzoni, hata namba ya kwanza kuonekana ni 2. Ukipima mwendo wako, anzia ukingo wa mbele wa kifuniko, toa sentimita zilizochanika, ivute futi mpaka ilie, na usome namba kwa sauti kabla mwenzako hajainama. Ukipima wa kwake, anzia ukingo wa nyuma, zisahau zilizochanika, iache ilegee kidogo, halafu umwombe aje aone mwenyewe. Watu humwamini sana anayewaita waje waone.

3. Mwamuzi.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wenzetu wakubwa walipotutangulia. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wenye ramani, dadu na majedwali, na mwamuzi wa kuyasoma hayo majedwali. Yakawachosha maofisa. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akawapa ruhusa waliyokuwa wakiisubiri: wekeni majedwali kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Tangu siku hiyo kazi ya mchezaji mwerevu si kuijua sheria, ni kumjua mwamuzi.

Mfano bora uko Japani. Mei 1942, ndani ya meli ya kivita Yamato, wakuu wa jeshi la maji waliicheza Midway mezani kabla ya kwenda kuipigana. Dadu zikasema mabomu tisa yamezipata meli zao za kubeba ndege. Akagi na Kaga zikahesabiwa zimezama. Admirali Ugaki, msimamizi wa zoezi, akasema hapana, mabomu ni matatu, iliyozama ni Kaga peke yake. Baadaye hata Kaga ikafufuliwa, ikashiriki zoezi lililofuata. Mabishano yakaishia hapo. Mwezi uliofuata Wamarekani walidondosha mabomu bila kumwuliza Ugaki, na Akagi na Kaga zikaenda chini pamoja na nyingine mbili. Lakini hayo yalitokea nje ya meza, hayatuhusu.

Wewe huna admirali. Tafuta mzee wa mtaa aliyestaafu, anayependa kuombwa ushauri na asiyeona vizuri jioni. Mpe kiti chenye mgongo na chupa ya Simba, umsalimie kwa mikono miwili. Usimweleze kesi, mweleze hukumu, kisha uliza: "Si ndivyo, Baba?" Mwenzako akianza kujibu, mnyamazishe: mzee anafikiri.

4. Kitabu kisomwe na wewe.

Kwa kawaida ni cha Kiingereza, nanyi shuleni mlisoma Kifaransa. Soma polepole, kunja uso, fupisha. Akileta ukurasa wake, uliza ni toleo la ngapi. Mchezo wa Warhammer 40,000 ulianza 1987 na kufikia 2023 ulikuwa toleo la 10, kwa hiyo chochote atakachoshika mkononi kina uwezekano mzuri wa kuwa kimepitwa.

5. Dadu, kwa dharura tu.

Vitabu vingi vya michezo hii, hata hicho cha Warhammer, vimewahi kuwaambia wachezaji wakishindwa kuelewana warushe dadu, mchezo uendelee. Sheria hii ni tamu, usiichezee. Ukiwa na haki, ikatae kwa ukali, maana inakupunguzia nusu ya kilicho chako. Ukiwa huna haki hata chembe, uwe wa kwanza kuipendekeza, kwa sauti ya mtu anayetafuta amani. Umetoka sifuri hadi nusu, na watu wanakusifu kwa ukarimu.

6. Umeme ukikatika.

Usilalamike. Wakati wenzako wanapapasa simu zao wawashe tochi, anza kuhesabu vifuniko upya kwa sauti. Anza na vyako.