Leseni ya Kware na Mbwa Aitwaye Simba

Mwisho wa mwaka 2013 nilikuwa mtu mwenye akili timamu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watoto wa mtaani kwetu Umoja wananijua kwa jina moja tu, Baba Kware, na hawaamini kwamba niliwahi kuwa na jina jingine.

Siku hizo kware walikuwa wamewapanda Wakenya kichwani. Vijiyai vyao vyenye madoa, kana kwamba vimerushiwa wino, vilisemekana kutibu presha, kisukari, pumu na maradhi mengine ambayo wanaume waliyataja kwa kunong'ona. Aliyeniuzia ndege aliniambia yai moja linakwenda kwa shilingi 100. Nikachukua gazeti kuukuu nikapiga hesabu pembeni: kware huanza kutaga akiwa na wiki sita hivi, yai huanguliwa kwa siku 17, mimi nina ndege 60. Nilipofika chini ya ukurasa nilikuwa nimeshajenga ghorofa Ruai na chenji imebaki.

Kwanza leseni. Kisheria kware alihesabiwa kuwa mnyamapori, kwa hiyo ruhusa ya kumfuga ilitoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lile lile linalolinda ndovu wa Tsavo. Nikavaa tai, nikapanda matatu mbili kushughulikia mambo yangu ya wanyamapori. Karatasi ilipopatikana nilitembea kama mtu aliyekabidhiwa mbuga. Mke wangu aliisoma juu hadi chini, kisha akauliza watalii watakuwa wakilipia mlango wa mbele au wa nyuma.

Kizimba kilikaa kwenye kiua cha nyuma, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Fundi wa jua kali alinishauri ninunue wavu mzito wa kuchomelewa. Nikamcheka. Ndege wa gramu 150, nondo za nini? Nikachagua ule wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita, na sakafu nayo nikaiweka ya wavu ili kinyesi kidondoke chini chenyewe. Chote kikasimama juu ya matofali. Naomba uikumbuke sakafu hiyo.

Sasa Simba. Simba ni mbwa wa jirani, rangi ya vumbi, sikio moja limeliwa nusu. Mchana hulala chini ya gari bovu, usiku huongoza kikosi cha mbwa koko kinachofanya doria karibu na bucha. Kumbe serikali ilikuwa imenipa kibali cha kufuga mnyamapori bila kuniuliza kama mtaani kwetu kuna Simba.

Usiku mmoja, saa tisa, nikasikia vurumai. Nikatoka na tochi ya simu na mwiko wa ugali. Simba alikuwa amelala chali chini ya kizimba kama makanika, anavuta miguu ya kware mmoja mmoja kupitia sakafu. Nikapiga ukelele ulioamsha ploti nzima, na hapo ndipo msiba ulipoanza. Kware akishtuka hakimbii pembeni, huruka wima kama kizibo cha soda, na juu nilikuwa nimeweka bati. Ilisikika kama mvua ya mawe. Asubuhi tulihesabu. Simba alikuwa amejeruhi watatu, sauti yangu ilikuwa imeua kumi na mmoja.

Nikaenda kwa mwenye mbwa.

"Simba?" akasema. "Jirani, Simba hata mkate huuogopa."

Simba alikuwa amekaa miguuni pake, unyoya umemganda kwenye pua.

Mzee mmoja wa Siaya, mpangaji wa nyumba ya pili, alikuja kunipa pole akashindwa. "Aluru, kijana wangu? Umenunua aluru?" Kwao, akaeleza, aluru, yaani kware, hutegwa. Dume la kuita huwekwa kwenye kitundu, kitundu kinatundikwa juu ya mti mrefu, linaimba usiku, na wenzake wanakuja wenyewe mpaka kwenye mitego nyasini. Alipofika kwenye habari ya leseni ilibidi ashike ukuta.

Nikaingia kwenye vitabu. Vile vya Waingereza vinaonya sana kuhusu mbweha. Huko watu hufuga jamaa wakubwa wa kware kwenye vizimba, wanawalinda dhidi ya mbweha kwa miezi, kisha wanawaachilia porini ili waungwana waje kuwapiga risasi. Mbweha, naona, kosa lake ni kuja mapema. Hata hivyo ushauri wao ni mzuri: tandaza wavu chini kuzunguka kizimba kama sketi, uuwekee mawe, maana mbwa huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusana na ardhi na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili.

Nikafanya yote. Sakafu nikaibadilisha ikawa ya mbao. Dari nikaiwekea sponji ya godoro kuukuu. Wavu mzito nikaununua, kwa yule yule fundi, ambaye kwa heshima yake hakusema neno. Nilijaribu pia kunyunyiza pilipili; upepo ukageuka, nikapiga chafya hadi adhuhuri huku Simba akinitazama kwa huruma. Kufuli ya kwanza ilikuwa ya mbwa. Ya pili ilikuwa ya binadamu.

Kasoro ni kwamba kila nilipokaza kizimba, bei ililegea. Wavu mzito ulinikuta nauza yai shilingi 30. Kufuli ya kwanza, 15. Kufuli ya pili, 5, na yai la kuku sasa linanipita nikiliona. Wateja wangu wote, niligundua, walikuwa watu waliokuwa wakijiandaa kufuga kware. Walipokwisha kufuga, hakukuwa na mla mayai aliyebaki Nairobi.

"Baba Kware," mama wa kibanda aliniambia, "hata ukinipa bure yatanijazia meza."

Kware waliobaki tuliwala kwa pilau wikendi tatu mfululizo, tukifyonza mifupa midogo kama njiti za kiberiti. Kizimba hakikuliwa na mtu. Kina wavu wa kuchomelewa, sketi, mawe na kufuli mbili, na kwa kuwa wezi wa mitungi ya gesi hawalali, mke wangu aliamua mtungi wetu uhamie humo. Simba hulala mlangoni usiku kucha, hasogei, anamngurumia kila apitaye. Nadhani anangoja mtungi utage.