Kulipa ili Upigwe

Uswidi ina mpira wa magongo wa barafuni, tena wa aina mbili. Ina handiboli. Imezaa Björn Borg na Zlatan. Bado kuna mtu alikaa akatafakari akaona kinachopungua ni wanaume wenye pedi za mabega wakivamiana kwa kanuni za Marekani: futiboli ya Kimarekani. Wazo hilo lilishika miaka ya 1980, na hadi leo halijapata mtu wa kulizima.

Mimi ningelalamika kwa mbali tu, kama ninavyolalamikia theluji, ila nimeingizwa ndani. Dada yangu wa Tanga alimleta mwanawe kwangu Stockholm asome. Anasoma, simsingizii. Lakini akitoka shule anakwenda mazoezini kwa timu ya kitongoji kimoja kusini mwa jiji. Jina la timu silitaji: katibu wake anakaa jengo letu, na ratiba ya chumba cha kufulia iko mikononi mwake. Nikimuudhi nitavaa shati moja hadi Krismasi.

Ligi kubwa ya huku inaitwa Superserien. Ina majina ya kutisha: Stockholm Mean Machines, Örebro Black Knights, Carlstad Crusaders. Ukisikia majina hayo unajiandaa kwa Simba na Yanga, unafika mapema ili upate kiti. Viti vimejaa tele. Nenda Zinkensdamm, kiwanja kilichobanwa katikati ya Södermalm, utakuta watu wametulia na vikombe vya kahawa kama wako kwenye foleni ya benki. Mtu anarushwa hewani, anatua kwa mgongo, ardhi inatikisika. Jukwaani wanapiga makofi kwa adabu. Mimi niliyezoea kelele za Uwanja wa Mkapa nikipiga ukelele mmoja, safu nzima inageuka kuangalia kama nimepatwa na kiharusi.

Na huko ndiko juu. Mpwa wangu yuko madaraja ya chini, ambako watazamaji ni sisi wenyewe.

Mchezo wenyewe uko hivi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikiweza, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira wanachukua wenzao. Ili hizo yadi 10 zisiwe porojo, pembeni mwa kiwanja husimama watu wameshika fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo. Watu hao hawajaajiriwa na yeyote. Ni wazazi, wajomba, na shangazi yeyote aliyekosea akawahi kufika. Mjomba wa Tanga, mwenye shahada, nasimama na fizibao la rangi ya chungwa katika mvua ya mwezi Mei, nimeshika fimbo. Tena yadi! Nchi hii ilihamia kwenye mita tangu karne ya 19, lakini Jumamosi mchana tunarudi kwa Malkia Victoria.

Kinachonimaliza kabisa ni kipimo. Mwenye mpira anazama chini ya rundo la watu, refa anakuja mbio, anachungulia, anauweka mpira pale roho yake inapomtuma. Ikionekana yadi zinakaribia kutimia, anatuita. Tunaingia na mnyororo wetu taratibu, tunaunyoosha, wakubwa wote wanainama kuona kama zimepungua sentimita mbili. Ni sawa na kumimina mchele kwa kukisia, halafu punje za mwisho ukazipeleke kwa sonara.

Halafu tunasubiri. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima mechi za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, likakuta mpira unachezwa kwa dakika 11 hivi katika saa tatu za matangazo. Wamarekani saa zilizobaki wanauziwa bia na magari kwenye runinga. Sisi tunauziwa soseji, na anayeikaanga ni baba wa mchezaji namba 54, ambaye naye hajalipwa.

Malipo ndiyo yaliyonigombanisha na dada. Alipiga simu akiwa na furaha, amesikia mtoto anacheza ligi Ulaya.

"Kaka, wanampa kiasi gani?"

"Hawampi, dada. Tunatoa sisi."

"Mnatoa nini?"

"Ada ya uanachama. Na kofia ngumu, na pedi, na nauli."

"Ili wamfanye nini?"

"Wampige."

Akakata simu. Sikuweza kumlaumu. Ningemwelezaje kwamba hata wa Superserien wengi wao Jumatatu wanarudi kuwa mafundi umeme na walimu? Klabu zenye uwezo huleta Mmarekani, mara nyingi yule mrusha mpira, zikampa chumba na posho. Wengine wote wanalipia maumivu yao. Wenye mishahara nimesikia walikuja mwaka 1988, Minnesota Vikings na Chicago Bears, wakacheza Ullevi kule Göteborg, kisha wakapanda ndege na mishahara yao.

Si kwamba Waswidi hawajui kucheza. Mwaka 2005 walikuwa mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2015 Kombe la Dunia la mchezo huu lilipangwa kufanyika hapa hapa Stockholm. Wadhamini wakakosekana, likahamishiwa Canton, jimbo la Ohio. Yaani fedha za Kombe la Dunia zilishindikana, na mimi natakiwa niamini kuwa klabu yetu itajikomboa kwa karatasi za chooni.

Naam, za chooni. Klabu za watoto na vijana huku hujitafutia fedha hivyo: kila familia inapewa mafurushi ya karatasi ikauzie majirani. Majirani zangu nao wana watoto wanaocheza handiboli, kwa hiyo wao pia wanauza karatasi za chooni. Tunakutana kwenye ngazi kila mmoja kakumbatia mzigo wake, tunasalimiana kwa macho, hakuna anayenunua. Zangu zimejaza kabati, sasa zimeanza kuingia chini ya kitanda.

Dada amepiga tena jana. Anasema watu wa mtaani wanamuuliza mtoto ameshatuma nini kutoka Ulaya. Nikamwambia atulie, akaulizie tu bandarini Tanga ushuru wa kontena moja la karatasi za chooni ni shilingi ngapi.